Adapta Hubadilisha Umbo la Plagi, Haibadilishi Umeme

Mwezi uliopita, jioni moja baada ya sala ya magharibi, mama yangu alichomeka ukutani mashine ya kuvutia dawa ya pumu ambayo dada yangu alikuwa amemletea kutoka Houston, Marekani. Mashine ilinguruma kwa sauti kubwa kuliko kawaida, ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikafuka moshi, kisha ikanyamaza. Yote hayo hayakuchukua hata dakika mbili. Mama hakuumia, nyumba haikushika moto, na tunamshukuru Mungu kwamba ile pampu yake ndogo ya mkononi ilikuwa na dawa ya kutosha kumvusha usiku ule. Lakini aliponipigia simu kutoka Tanga hakulalamikia moshi wala kikohozi. Alisema, "Mwanangu, mwenzenu amefanya kazi za usiku ili aninunulie kitu hiki, na mimi nimekiua kwa mikono yangu."

Hakukiua yeye, na maneno yale ndiyo yaliyonikosesha usingizi hadi nikaamua kuandika.

Plagi ya mashine ile ilikuwa na vijiti viwili bapa, kama zilivyo plagi za Marekani, nayo haikuweza kuingia katika soketi zetu za matundu matatu ya pembe nne. Mimi ndiye niliyekwenda Kariakoo kutafuta adapta. Nilimweleza muuzaji kila kitu: kwamba mashine ni ya mgonjwa, kwamba imetoka Marekani, na kwamba itatumika Tanga. Akanijibu kwa ukarimu, "Chukua hii, kaka, inafanya kazi dunia nzima." Pakiti yake ilikuwa na picha ya dunia na orodha ndefu ya majina ya nchi. Niliigeuza pande zote baadaye, moshi ulipokwisha kutoka, nikitafuta sentensi moja tu ya Kiswahili inayomwonya mnunuzi kwamba kifaa hicho hakipunguzi volti, yaani msukumo wa umeme. Haikuwepo. Simshutumu kijana yule kwa udanganyifu, kwa sababu ninaamini kwamba naye aliamini alichokisema. Ninachokishutumu ni utaratibu unaoruhusu kitu cha aina hiyo kupita mikononi mwa mwagizaji, msambazaji, muuzaji na mnunuzi bila hata mmoja wao kulazimika kujua kinafanya kazi gani.

Adapta ni kipande cha plastiki chenye vipande vya shaba ndani yake. Kazi yake yote ni kuwezesha vijiti vya umbo moja kukutana na matundu ya umbo jingine. Umeme unaoingia upande mmoja ndio huohuo unaotoka upande wa pili, bila kupungua wala kuongezeka. Ukibadilisha mdomo wa mpira wa maji ili uingie katika bomba la jirani, hujapunguza kasi ya maji yanayotoka katika bomba hilo. Soketi ya nyumbani kwetu inatoa volti 230. Soketi ya Houston inatoa volti 120. Mashine ya mama ilitengenezwa ipokee 120, na tuliipa karibu mara mbili ya kiasi hicho kupitia adapta iliyokaa vizuri kabisa ukutani, bila kulegea.

Watu wengi hudhani kwamba volti zikiwa mara mbili, basi kifaa kitafanya kazi mara mbili. Kwa vifaa vya joto, hesabu ni mbaya zaidi ya hapo, kwa kuwa volti zikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Chukua mashine ya kukaushia nywele ya wati 1,200 iliyonunuliwa Marekani, uichomeke Dar es Salaam kwa adapta peke yake: kwa muda mfupi itakaodumu, itajaribu kuvuta wati zipatazo 4,400, wakati soketi ya ampea 13 imekusudiwa kubeba takriban wati 3,000. Katika hali hiyo kuungua kwa mashine ndilo jambo dogo, maana waya na soketi vyote viko hatarini. Kinyume chake hakina hatari kubwa, ila kina usumbufu wake. Anayebeba birika lake la umeme la wati 2,000 kutoka hapa kwenda kulitumia Marekani ataona maji yakichukua muda mrefu mno kuchemka, kwa sababu birika hilo litabaki na takriban robo tu ya nguvu zake.

Tofauti hii kati ya nchi na nchi haikuanzishwa jana. Mvumbuzi Mmarekani Thomas Edison alipoanza kuuza umeme mjini New York mwaka 1882, alitumia volti zipatazo 110 kwa ajili ya taa zake, na Marekani ikajijenga juu ya msingi huo. Berlin ikahamia 220 mwishoni mwa karne hiyohiyo ili kupunguza gharama za shaba ya nyaya, na sehemu kubwa ya Ulaya ikafuata. Sisi tulirithi mfumo wa Waingereza. Japani ina volti 100, tena Tokyo ina hezi 50, yaani mapigo 50 ya umeme kwa sekunde, na Osaka ina hezi 60 ndani ya nchi moja. Haya yote yanajulikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mnunuzi wa kawaida, kwa lugha yake, pale anapotoa pesa.

Nimekwisha kuambiwa na rafiki mmoja kwamba jukumu la kusoma ni la mnunuzi. Jibu langu ni hili: mama yangu alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, na hakuna karatasi inayoingia nyumbani kwake bila kusomwa. Alisoma kijitabu cha mashine ile ukurasa kwa ukurasa, akajua kiasi cha dawa, namna ya kuosha kikombe na namna ya kukausha mrija. Habari iliyomhusu zaidi ilikuwa imechapwa chini ya mashine, kwa herufi ndogo kuliko punje ya mtama, ikisema 120V 60Hz na hakuna zaidi. Je, nani aliwahi kumwambia kwamba alama hizo ndizo zinazoamua kama mashine itaishi au itaungua? Watoto wetu wanakokotoa volti na wati katika fizikia ya sekondari, wanafaulu mitihani, lakini sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia tugeuze pasi ya nyumbani tusome lebo yake. Kama tungefundishwa hivyo, mimi niliyesoma fizikia hiyo nisingesimama dukani Kariakoo nikitikisa kichwa kukubali maneno "dunia nzima".

Ni lazima nikiri, ingawa kwa uzito, kwamba adapta ina mahali pake. Chaja za simu na za kompyuta mpakato za siku hizi karibu zote zimeandikwa, mbele ya neno INPUT, 100-240V na 50/60Hz, maana yake zinapokea umeme wa karibu nchi yoyote, na kwa vifaa hivyo adapta ya bei ndogo inatosha kabisa. Msafiri anayevuka Namanga au Mutukula hahitaji hata hiyo, kwa kuwa Kenya na Uganda zina soketi kama zetu. Akivuka Rusumo kuingia Rwanda, au akienda Bujumbura au Bukavu, atakutana na matundu ya duara, lakini volti zinakaribiana na zetu, hivyo adapta itamfaa. Muscat na Dubai nazo zina soketi za vijiti vitatu kama zetu. Mazoea haya mema ndiyo yaliyotuponza. Tumesafiri sana na simu ndani ya eneo lenye volti zinazofanana, tukajijengea imani kwamba plagi ikiingia basi kazi imekwisha.

Anayetaka kweli kutumia kifaa cha Marekani hapa nyumbani anahitaji transfoma ya kupunguza volti, ile ambayo mafundi huiita stepudauni. Ni nzito kwa sababu ndani yake mna chuma na nyaya za shaba zilizozungushwa, na uzito huo ni dalili ya kwanza ya kuitofautisha na adapta. Ni lazima ilingane na wati za kifaa, tena izidi kidogo. Ya wati 100 haiwezi kubeba pasi. Hata hivyo, transfoma haibadilishi hezi. Vinyozi wanaoletewa na ndugu zao mashine za kunyolea za Marekani wanalifahamu jambo hili vizuri kuliko wauzaji wengi. Mashine ya sumaku inayopiga mapigo 7,200 kwa dakika huko hupiga 6,000 hapa, hata volti zikiwa sawasawa, na kinyozi hulazimika kuzungusha skrubu ya pembeni hadi mlio utulie. Saa ya kifaa inayohesabu mapigo ya umeme wa ukutani itachelewa dakika 10 katika kila saa moja.

Kuna mazoea mengine ya nyumbani ninayoomba tuyaache, nayo ni kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili kuingiza plagi ya vijiti viwili. Kifuniko kilicho ndani ya soketi kimewekwa ili kidole cha mtoto kisifike kwenye umeme, na ni kijiti kirefu cha ethi peke yake kilichokusudiwa kukifungua. Vijiti vyembamba vya duara havishiki vizuri katika matundu ya pembe nne. Hulegea, na mahali palipolegea hupata joto.

Narudi kwa mashine ya mama, kwa kuwa ndiyo inayonichoma moyo. Familia nyingi za hapa zina mtu Ulaya, Marekani au Kanada ambaye huonyesha mapenzi yake kwa vitu: mashine ya kupima presha, blenda, pasi, kitanda cha umeme cha mgonjwa. Anayetuma kutoka Ujerumani au Uingereza hatatuletea madhara ya volti, lakini anayetuma kutoka Marekani au Kanada anaweza kutuma hatari bila kujua, huku amelipia mzigo kwa jasho lake. Dada yangu alitumia fedha za zamu za usiku za miezi miwili katika nyumba ya kulelea wazee. Fedha hizo zingetosha kununua mashine kama ile hapahapa Dar es Salaam, ya volti 220 hadi 240, na chenji ingebaki.

Ndiyo maana ninaona si sawa kuliacha jambo hili kwa bahati ya mtu mmojammoja. Pakiti ya adapta inayouzwa nchini ibebe maneno manne ya Kiswahili, kwa herufi kubwa, upande wa mbele: HAIPUNGUZI NGUVU ZA UMEME. Wanaokagua bidhaa zinazoingia bandarini wanaweza kulidai hilo bila kuhitaji maabara yoyote. Na muuzaji, kabla ya kupokea pesa, aulize swali moja tu, "Kifaa chako kimeandikwa volti ngapi?" Mnunuzi asipojua, arudi nyumbani akasome. Atakasirika, kama ambavyo huenda ningekasirika mimi siku ile. Mashine ya mama ingekuwa inafanya kazi hadi leo.

Tulimnunulia mama mashine nyingine katika duka la vifaa vya hospitali, nikaigeuza kauntani mbele ya mhudumu na kusoma lebo yake kwa sauti kabla ya kulipa. Dada anatarajia kuja mwezi Desemba, na alikuwa amekwisha kumchagulia shangazi cherehani ya umeme. Nilimwomba apige picha ya lebo iliyo karibu na mahali waya unapoingia. Picha imefika asubuhi hii: 120V, 60Hz, wati 85. Nimemjibu aiache dukani, na fedha hizo aje nazo mwenyewe, twende na shangazi akachague ya hapa.