Wangesubiriwa Wiki Tatu Tu

Jumamosi nimeamshwa na panga juu ya mnazi wa nyumba ya pili. Nilipotoka, makuti manne yalikuwa yameshalala chini, yamejaa viota vya minana, na ndani ya viota makinda wakilia.

"Shikamoo mzee! Humu mna makinda!"

"Marahaba mwanangu. Nimeitwa kukata, nami nakata."

Mkwezi simlaumu. Mwenye nyumba ndiye aliyesema kelele zimemchosha, na ana wageni wa harusi. Harusi yenyewe mwezi ujao.

Kelele zipo, sibishi. Na kweli minana huchana makuti mpaka zikabaki chelewa tupu, kwa hiyo mwenye shamba la minazi huko Pangani akilalamika nitamsikiliza. Lakini huu ni mnazi mmoja wa uani, hapa Tanga mjini.

Kinachoniuma ni wakati uliochaguliwa. Kile kiota dume amekisuka kwa mdomo na miguu, chane moja baada ya nyingine, kikiwa bado kibichi. Akishamaliza huning'inia mlangoni, mbawa zikipepea, akiita. Jike huja kukagua. Asipopendezwa huondoka, na kiota kikishakauka bila mwenyewe, dume hukifumua akaanza upya. Mwaka huu nimemwona mmoja akifumua mara mbili, nikamwonea huruma kama fundi aliyerudishiwa kazi. Jike akikubali hutandika ndani nyasi laini na manyoya, hutaga mayai mawili au matatu, huatamia peke yake kama siku 12. Kisha ni wiki tatu hivi za kulisha wadudu, kazi ambayo kubwa yake ni ya mama. Mlango wa kiota unatazama chini, nyoka asipate njia rahisi. Mayai ya kila jike yana rangi na madoa yake, na kekeo, ndege anayetaga kwenye viota vya wenzake, akimpenyezea yai lisilofanana huligundua akalitupa nje. Mama huyo amewashinda nyoka na kekeo, halafu tunamjia na panga!

Kama ni lazima kukata, ndugu zangu, tazameni kwanza. Kiota cha kijani na dume anapiga kelele mlangoni: bado wanachumbiana, kata leo kama roho yako inakutuma. Kiota kimegeuka rangi ya majani makavu na jike anaingia na mdudu mdomoni: mna watoto, ngoja. Hakuna anayeingia wala kutoka siku nzima, siku ya pili hivyo hivyo: wameshahama, mwite mkwezi.

Tuliokota makinda sita, wawili wakiwa bado hawajaota nyoya hata moja. Shangazi aliwalaza kwenye kikapu cha ukindu, tukakitundika penye mwembe ulio karibu. Hadi adhuhuri majike wawili walikuwa bado wanazunguka pale makuti yalipokuwa, juu ya mnazi, kila mmoja na panzi mdomoni.