Kazi Yote Iko Kabla ya Kitufe

Miaka kadhaa iliyopita niliirudisha simu yangu katika hali ya kiwandani kwa sababu ilikuwa imechoka: programu zilichelewa kufunguka, herufi nilizoandika zilitokea kwenye kioo baada ya kidole kuondoka, na kila siku niliambiwa kwamba nafasi imejaa. Nilijiona nimejiandaa. Nilihakikisha picha zote zimepanda kwenye akaunti yangu, nikaona majina ya watu yapo, ndipo nikabonyeza. Simu ilipowaka upya vitu vilirudi kama nilivyotarajia, mpaka jioni nilipofungua programu ya kurekodia sauti nikakuta ukurasa mtupu wenye alama ya maikrofoni katikati. Humo mlikuwa na rekodi 11 za bibi yangu akinitajia wazee wa ukoo wetu, nani alimzaa nani na nani aliolewa wapi, na bibi alikuwa ameshafariki. Huduma niliyoitegemea ilikuwa inabeba picha na video tu. Sauti zilikaa katika folda yake ndani ya simu, na folda hiyo ilifutwa pamoja na vingine vyote kwa idhini yangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo naamini kwamba ushauri mwingi unaotolewa kuhusu jambo hili unaanzia mahali pasipofaa, kwa kuwa unaeleza pa kubonyeza. Kubonyeza hakumshindi mtu yeyote. Kinachomponza mtu ni zile saa mbili tatu za kabla ya kubonyeza, ambazo wengi hawazitengi kabisa, kwa kuwa wanaichukulia kazi hii kama kuzima na kuwasha simu, ilhali inafanana zaidi na kuhama nyumba itakayobomolewa mara tu utakapofunga mlango.

Jina lenyewe linachangia kupotosha. Tukisema simu inarudi katika hali ya kiwandani, mtu anaelewa kwamba inarudi kuwa mpya, na sivyo. Kinachofutwa ni ile sehemu ya hifadhi inayobeba vitu vya mtumiaji, yaani akaunti, programu alizoweka, ujumbe, picha na mipangilio yake. Mfumo wenyewe haurudi nyuma: simu iliyotoka kiwandani ikiwa na Android 11, ikasasishwa hadi Android 13, itabaki na Android 13 hata ikifutwa. Betri iliyochoka itabaki imechoka, na kadi ya kumbukumbu kwa kawaida haiguswi usipochagua mwenyewe kuifuta. Hata virusi, ambavyo ni sababu ya watu wengi kukimbilia hatua hii, huondoka mara nyingi lakini si kila mara. Mwaka 2019 ilijulikana programu hasidi iliyopewa jina la xHelper, ambayo ilirudi hata baada ya simu kufutwa, kwa sababu ilikuwa imejipenyeza katika sehemu ya mfumo isiyoguswa na ufutaji huo.

Kwa hiyo mimi naona sababu zenye uzito ni mbili tu. Ya kwanza ni simu kubadili mkono, iwe inauzwa, inatolewa zawadi au inarudishwa kwa mwajiri. Ya pili ni simu kuharibika kimfumo kiasi kwamba njia nyingine zote zimeshajaribiwa zikashindwa. Simu nzito peke yake haitoshi kuwa sababu. Ondoa kwanza programu usizotumia, punguza video zilizojaa hifadhi, sakinisha masasisho yaliyosubiri, na kama ni Android iwashe katika hali salama, ambamo programu ulizoongeza mwenyewe hazifanyi kazi. Ikiwa humo inakwenda vizuri, mkosaji ni programu mojawapo uliyoiweka, na kuitoa programu hiyo kunatosha. Laiti ningelifanya hilo mimi, rekodi zangu zingekuwapo hadi leo.

Ikiwa umeshaamua kufuta, nakala rudufu, yaani nakala ya vitu vyako inayowekwa nje ya simu, ndiyo mahali pa kukaa kwa muda mrefu, kwa kuwa neno hilo linaficha mambo mengi yasiyofanana. Simu inapokuambia kwamba nakala imehifadhiwa, haikuambii kwamba kila kitu kimehifadhiwa. Katika Android, nakala ya kawaida ya programu ina kikomo cha megabaiti 25 kwa kila programu, na mtengenezaji wa programu anaweza kuamua kwamba data yake isinakiliwe kabisa. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15 kwa akaunti ya Google na gigabaiti 5 kwa iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na inapojaa, nakala mpya husimama huku mwenye simu akiendelea kuamini kwamba mambo yanaenda. Ndiyo maana naomba kila mtu asiridhike na alama ya tiki, bali aangalie tarehe ya nakala ya mwisho; nimewahi kukaa na jamaa yangu tukafungua ukurasa huo pamoja, na tarehe iliyokuwapo ilikuwa ya miezi minane nyuma.

Majina ya watu yanaweza kuwa yamehifadhiwa katika akaunti, katika laini au ndani ya simu yenyewe, na orodha unayoiona huyachanganya yote matatu bila kukuonyesha tofauti. Njia ya uhakika ni kufungua akaunti yako kwenye kompyuta au simu nyingine na kuhesabu: yakikosekana majina huko, hayajahifadhiwa. Kwa WhatsApp, nakala iliyoko Google Drive hurudi ukiwa na namba ileile na akaunti ileile, na namba hiyo huthibitishwa kwa msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi au kwa kupigiwa simu. Kwa hiyo laini iliyofungwa ni mlango uliofungwa. Tangu mwaka 2021 nakala hizo zinaweza kufungwa kwa nenosiri au kwa ufunguo wa tarakimu 64, jambo jema, lakini aliyepoteza nenosiri hilo hana wa kumsaidia, hata kampuni yenyewe. Programu za kutoa misimbo ya kuingilia kwenye akaunti nazo zimewatesa wengi. Ile ya Google ilianza kuhifadhi misimbo katika akaunti mwezi Aprili 2023 tu, na asiyewasha huduma hiyo bado misimbo yake iko ndani ya simu peke yake. Kabla ya kufuta, hamishia misimbo hiyo kwenye simu nyingine, na kwa akaunti yako ya Google andika kwenye karatasi zile namba 10 za dharura ambazo Google humpa mwenye akaunti, uziweke mahali unapopakumbuka.

Halafu kuna vile vitu visivyo na mwenyewe: rekodi za sauti, nyaraka zilizopakuliwa, maandishi ya programu ya kumbukumbu isiyounganishwa na akaunti yoyote, video zilizohaririwa zikabaki katika folda ya mhariri. Hivi havibebwi na mtu. Dawa yake ni ya kizamani, nayo ni waya na kompyuta: unganisha simu, fungua hifadhi yake, pita folda moja baada ya nyingine, nakili unachokitaka, kisha fungua faili chache kutoka kwenye kompyuta huku simu ikiwa imechomolewa. Hatua hii ya mwisho ndiyo niliyoiruka mimi. Nilitazama kwamba picha zipo. Sikujiuliza ni nini kingine kilichokuwapo.

Kuna kosa jingine ambalo linatokana na uangalifu wenyewe, na linaniuma kila ninapolisikia. Mtu anayetaka kuuza simu anaona heri afute vitu vyake kwa mkono kwanza, jina moja baada ya jingine, picha moja baada ya nyingine, huku akaunti yake ikiwa bado imeunganishwa. Asichokijua ni kwamba kila anachokifuta hapo kinafutwa pia kule kwenye akaunti, na kwenye vifaa vyake vingine vyote. Apple imewaonya watumiaji wake waziwazi juu ya jambo hilo. Ukitaka kuiachia simu, usifute kitu kimoja kimoja. Toka kwenye akaunti kwanza, kisha ufutaji wa jumla utamaliza kazi.

Kutoka kwenye akaunti kunatuleta kwenye kufuli ambalo wanunuzi wa simu zilizotumika wamelilaani bila kulielewa. Apple ilianzisha kufuli la uamilishaji mwaka 2013 pamoja na iOS 7, mfumo wa iPhone, na Google ikafuata mwaka 2015 kwa Android 5.1. Lengo ni kumnyima mwizi faida: simu ikifutwa bila mwenyewe kujua, itakapowaka itadai akaunti iliyokuwamo au namna nyingine ya kuthibitisha mwenye simu, na asiyekuwa nayo atabaki na kioo cha salamu tu. Mimi naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Ila kufuli halijui kama wewe ni mwizi au ni mwenye simu aliyesahau nenosiri lake la barua pepe, na hapo ndipo watu waaminifu wanapokwama. Mtu amesahau mchoro wa kufungulia kioo, anaambiwa abonyeze kitufe cha kuwasha na cha sauti kwa pamoja, menyu nyeusi inatokea, anafuta, anafurahi. Dakika tano baadaye anaulizwa akaunti ya Google aliyofunguliwa na mtu mwingine siku alipoipata simu, na ambayo nenosiri lake hakuwahi kulijua. Njia ya vitufe hufuta vitu na kuliacha kufuli mahali pake, kwa makusudi kabisa.

Basi jaribu nenosiri lako kabla, kwenye kifaa kingine, mpaka uingie. Ukilazimika kulibadilisha, Google yenyewe hushauri usubiri saa 24 kabla ya kuifuta simu. Kama simu inaondoka mkononi mwako, ingia kwenye mipangilio uondoe kila akaunti ya Google, na kama ni ya mtengenezaji mwenye akaunti zake, iondoe na hiyo. Kwenye iPhone, toka iCloud na uhakikishe huduma ya kutafuta kifaa imezimwa.

Kuhusu kumpa fundi kazi hii, sina ugomvi na mafundi, wengi wao wanaijua simu kuliko sisi. Hata hivyo, fundi hawezi kujua kwamba una rekodi za bibi yako. Ataulizia kama kuna vitu muhimu, utajibu kwa haraka kwamba picha zimehifadhiwa, naye atafanya ulichomtuma. Tena utalazimika kumwachia mchoro wa kioo na pengine nenosiri la akaunti, vitu viwili ambavyo vikiunganishwa vinafungua maisha yako yote. Simu inayofunguka haina sababu ya kufutwa na mtu mwingine.

Limebaki swali la kama vilivyofutwa vimefutika kweli, na jibu lake linategemea umri wa simu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Laurent Simon na Ross Anderson, walichapisha uchunguzi wa simu 21 zilizotumika, za watengenezaji 5, zenye matoleo ya Android kuanzia 2.3 hadi 4.3. Baada ya ufutaji wa kawaida walipata mabaki ya ujumbe na picha, na katika simu nyingi walipata hata tokeni inayomwezesha mtu kuingia kwenye akaunti ya Google ya mwenye simu wa awali. Walikadiria kwamba simu zipatazo milioni 500 huenda zilikuwa na kasoro hiyo. Sababu ni kwamba simu hizo ziliondoa anwani za data na kuiacha data yenyewe ndani ya chipu.

Simu za sasa hufanya kazi kwa namna tofauti, kwa sababu kila kinachoandikwa humo huandikwa kwa msimbo fiche, yaani kwa namna isiyosomeka bila ufunguo wake, na ufutaji huuharibu ufunguo huo. Mabaki yakipatikana huwa ni herufi zisizosomeka. iPhone zimekuwa na usimbaji wa aina hiyo ndani ya chipu tangu iPhone 3GS ya mwaka 2009, na kwa Android umekuwa sharti kwa kila simu mpya tangu Android 10 ya mwaka 2019. Kama unayo simu ya zamani zaidi ya hapo, tafuta katika mipangilio ya usalama sehemu ya kusimba simu, isimbe kwanza, iweke chaji mpaka imalize, ndipo uifute. Kama haina sehemu hiyo, ningekushauri uiweke kabatini kuliko kuiuza.

Siku yenyewe ikifika, toa laini na kadi ya kumbukumbu, chaji simu ifike angalau asilimia 70 au iache kwenye chaji, na uifute kupitia mipangilio, ambako itakuuliza namba au mchoro wako. Kama unatumia laini ya kidijitali isiyo na kadi, soma vizuri kile kisanduku kinachouliza kama nayo ifutwe: ukiuza simu ifute, ukibaki nayo iache. Kisha usiitoe mkononi mara inapozima. Isubiri iwake, chagua lugha, unganisha na intaneti, uendelee mpaka ukurasa wa akaunti. Ikikuruhusu kuweka akaunti yoyote, izime na umkabidhi mwenye simu mpya. Ikikutaka uthibitishe akaunti ya zamani, bado ni yako, hivyo ingia, iondoe katika mipangilio, na uanze kufuta upya.