Falsafa ya mjomba nimeikuta Chicago

Kuna sentensi moja sisi tuliotoka tunaipenda sana, ukipiga stori na mtu wa nyumbani dakika mbili tu ushaisema: wenzetu huku ni watu wa vitendo, sisi huko maneno mengi. Mimi nimeisema mpaka nimechoka. Nina mwaka wa sita hapa Chicago, nalea wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, shifti ya usiku, na kila nikimpigia mjomba wangu Newala, kusini mwa Tanzania, nilikuwa namhubiria hivyohivyo, yeye anaitikia tu "haya mjomba, tumekusikia" halafu anauliza baridi imefika ngapi.

Sasa mwaka jana nikaanza kusoma chuo jioni, nikachukua somo la falsafa kwa sababu moja tu, ratiba yake haigongani na shifti. Ndo nikakutana na pragmatizimu. Yaani ile tabia ya Wamarekani niliyokuwa naisifia kumbe ina wenyewe, kuna jamaa walikaa wakaiandikia kabisa, Charles Sanders Peirce, William James, baadaye John Dewey. Peirce mwaka 1878 aliandika kwamba ukitaka kujua maana ya wazo lolote angalia litaleta matokeo gani kwenye vitendo, kama mawazo mawili hayatofautiani kwa matokeo basi ni wazo moja limevaa nguo mbili.

James yeye ana kisa cha kindi. Watu walikuwa kambini mlimani wanabishana: kindi kang'ang'ania mti, mtu anauzunguka mti ili amwone, kindi naye anazunguka upande wa pili tumbo likiwa limeelekea kwa huyo mtu muda wote, je mtu kamzunguka kindi au hajamzunguka? James akawaambia inategemea kwa vitendo unaposema "kuzunguka" unamaanisha nini. Ukimaanisha kapita kaskazini yake, mashariki, kusini na magharibi, kamzunguka. Ukimaanisha kapita mbele, ubavuni na mgongoni, hajamzunguka. Basi ubishi umekwisha.

Nilicheka peke yangu darasani maana huo ubishi naujua, ni ule wa bei ya korosho kila mwaka. Bei ya mnadani imekuwa kubwa kuliko msimu uliopita, redio inasema imepanda, kijiweni wengine wanasema imepanda, halafu mzee mmoja mwenye kahawa yake anatoa makato ya chama cha ushirika, ghala, usafiri, na deni la dawa, anachoshika mkulima mkononi ni kilekile. Imepanda au haijapanda? Watu watabishana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mjomba huwa habishani, anauliza tu "unasema bei ya wapi, ya mnadani au ya mfukoni?" Sijui kama James angeongeza neno hapo.

Kwa hiyo nimeanza kuitilia shaka ile sentensi yetu. Kwanza hao watu wa vitendo tuliwaona kwetu zamani. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, Kongwa, Urambo na huko kwetu kusini, Nachingwea, ekari zaidi ya milioni tatu kwenye karatasi, matrekta, mpaka vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki, vitendo gani tena unataka zaidi ya hivyo? Ila hesabu ilishatangazwa London kabla udongo na mvua havijajaribiwa vya kutosha, kule Kongwa udongo ukikauka unakuwa kama saruji, na 1951 mradi ukafa na mamilioni ya pauni. Sisi tukabakiwa na bandari yetu ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili ya mradi huo, reli ya kwenda Nachingwea nayo ikaja kung'olewa. Vitendo vilikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kulima kwanza ekari kumi akasubiri aone.

Na sisi wenyewe tukarudia. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa inatoa karibu tani 145,000 za korosho, 1986/87 ikawa haifiki tani 20,000. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulichangia, bei mbovu ilichangia, ila na ile kuhamishiwa watu kwenye vijiji vya ujamaa, mikorosho yao ikabaki huko walikotoka inaliwa na pori, na bibi yangu alikuwa anasema kila mtu aliona, ila nani angesimama kwenye mkutano aseme hili halijafaa?

Hapo ndo ninapoona tofauti ilipo. Kazini kwetu wazee walikuwa wanaanguka usiku wakienda chooni. Nesi wa zamu, mama mmoja mkali kidogo, hakuitisha semina. Akaweka taa ndogo chini ya vitanda vya upande mmoja wa korido, upande wa pili akaacha vilevile, wiki tatu tunaandika kwenye daftari nani kaanguka. Upande wenye taa walianguka wachache, taa zikawekwa kote. Nyumbani tungeweka taa kote siku ya kwanza, mgeni rasmi akate utepe, na baada ya hapo hakuna wa kurudi kuuliza. Pale kijijini kwa mjomba kuna pampu ya maji yenye kibao kizuri kabisa, na wote mnajua maji Newala yalivyo ya shida, pampu ilifanya kazi miezi minne. Kibao kinafutwa vumbi mpaka leo.

Ila msinielewe vibaya, huku nako si peponi. Nyumba hiyohiyo ya taa mwaka huu imepima muda wa kumwogesha mzee mmoja ikaona dakika nyingi, zikapunguzwa, na meneja anasema mfumo mpya unafanya kazi. Unafanya kazi kwa nani? Yule bibi wa chumba cha mwisho ambaye anapenda nimsimulie kuhusu bahari ya Mikindani wakati namsugua mgongo, kwake haufanyi. Peirce mwenyewe aliliona hilo mapema, alipoona watu wanalitumia neno lake ovyo akaamua 1905 kulibadilisha jina liwe pragmatisizimu, akasema ni jina baya kiasi kwamba hakuna atakayeliiba. Na kweli hakuna aliyeliiba, akafa masikini 1914.

Dewey ndo aliniuma zaidi. Mwaka 1896 alifungua shule hapahapa Chicago watoto wanapika, wanafuma, wanaranda mbao, na humo ndimo wanajifunza hesabu na sayansi. Nikasema mbona hii ni Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, 1967! Na mimi niliisoma hiyo, shule yetu ilikuwa na shamba la mikorosho, tulipalilia, tuliokota, hela hatukuziona na hakuna siku mwalimu alituuliza kwa nini mkorosho huu umezaa na ule haukuzaa. Tulishikishwa jembe tu, lile swali tukanyimwa, na ukiuliza ilikuwa fimbo.

Juzi nikampigia mjomba nimweleze haya yote, hakushangaa hata kidogo. Akaniambia mwaka huu kuna dawa mpya ya maji jirani zake wote wamehamia, yeye kapulizia mistari miwili, mistari miwili kaiacha na salfa ya unga kama zamani, na mikorosho mitatu ya karibu na choo hajaipiga kitu kabisa. Watu wanamcheka kwa hiyo mitatu, wanamwambia unatupa korosho. Ameahidi atanitumia picha kwa WhatsApp korosho zikianza kuanguka, na kaniuliza taa zile za chini ya kitanda shilingi ngapi, shangazi naye anajikwaa usiku.