Anayelima juu ya Ruvu alipwe

Maji mengi ya bomba tunayotumia Dar es Salaam yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Yakishuka kutoka huko yanafika kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yanatiwa dawa, yanasukumwa mjini. Katika safari yote hiyo kila mtu ana malipo yake: fundi wa pampu, msoma mita, hata dereva wa boza anayetuuzia maji kwa bei ya kuumiza. Aliyeko mwanzo wa mto, anayelima mahindi na migomba kwenye miteremko mikali ya Kibungo, huko Uluguru, anachopata ni lawama. Mwishoni mwa 2021 Ruvu ilipopungua na mjini tukawekwa kwenye mgao, wimbo ulikuwa uleule wa wakulima kuharibu vyanzo vya maji. Faini ya kumtoza tunayo kwenye sheria, ila malipo kwa anayetunza hatuna.

Nadhani mkulima huyo alipwe kwa kutunza udongo wa mteremko wake usiishie mtoni, tena na serikali, na malipo hayo yawe ya kudumu.

Njia ya amri ilishajaribiwa mlimani. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, na aliyegoma akaadhibiwa. Kwenye miteremko mingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu, kwa hiyo ngazi zikafukua udongo mfu na mavuno yakashuka. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, na mpango ukaishia hapo. Kwa historia hiyo, afisa ugani akipanda leo na habari za matuta, asishangae kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Njia ya pili ilikuwa na akili zaidi. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima wa Kibungo kwa kazi ya kuhifadhi udongo: kuchimba fanya juu (mitaro inayokata mteremko, udongo wake ukitupwa upande wa juu), kujenga matuta, kupanda miti na nyasi za kuzuia mmomonyoko. DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza, ambao biashara yao ilikuwa maji hayohayo, walikubali kuwa wanunuzi wa huduma hiyo. Wazo zuri mno. Lakini ulikuwa mradi, na sote tunajua maisha ya mradi: uzinduzi, semina, fulana, ripoti ya mwisho, kwaheri. Fanya juu isiyozibuliwa kila msimu hujaa udongo, na mvua ya masika haisubiri mfadhili mwingine apatikane.

Costa Rica walilimaliza suala hili kwa sheria. Tangu 1997 serikali yao inawalipa wenye ardhi wanaotunza misitu na kupanda miti, na sehemu kubwa ya fedha imetokana na kodi ya mafuta ya magari. Hilo sisi halitushindi. Kwenye lita ya petroli tunachangia barabara, umeme wa vijijini na Mfuko wa Taifa wa Maji. Wenye vibali vya kuchota maji mtoni wanalipa ada kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mifereji ya fedha ipo, ila haipandi mlimani. Tunanunua mabomba na pampu, halafu tunaacha tope liyafuate.

Hata orodha ya wakulima tunayo. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23, ikatengewa shilingi bilioni 150, ilitulazimisha kuwasajili wakulima kwenye mfumo wa kidijitali. Sina ugomvi na ruzuku hiyo, bei ya mbolea ilikuwa imepanda kupita kiasi. Ila kumwaga mbolea ya ruzuku kwenye mteremko usio na matuta ni kulipia mara mbili, kwanza dukani, kisha kwenye mitambo ya kusafisha maji, mvua ikishaisomba hadi mtoni. Kwa nini mwenye matuta yaliyokaguliwa asipewe ruzuku kubwa kidogo kuliko asiyenayo?

Pesa peke yake haitoshi, hilo nalikubali. Marekani wana mpango tangu 1985 wa kuwakodi wakulima ardhi inayomomonyoka kirahisi ili wasiilime, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. Mwaka 2007 ulifikia zaidi ya ekari milioni 36. Bei ya mahindi ikapanda, mikataba ikaisha, na muongo mmoja baadaye zilibaki chini ya milioni 25. Ndiyo maana mimi nisingemlipa Mluguru aache kulima. Hana shamba jingine la kwenda. Ningemlipa jasho la mwaka wa kwanza, wakati matuta yanakula nguvu na eneo bila kurudisha kitu, kisha nilipie matengenezo kila mwaka. Na miti ilipwe ikiwa hai baada ya miaka mitatu. Kulipia miche iliyopandwa ni kulipia picha za kampeni. Kila halmashauri ina lengo la miti milioni moja na nusu kwa mwaka, na ingefanikiwa tungekuwa tunakosa pa kujenga.

Pagumu kuliko pote ni kwenye umiliki. Uluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, na anayeilima mara nyingi amepewa tu sehemu ya kulima. Akipanda miti ya kudumu, ukoo unaweza kuona anataka kujimilikisha. Malipo yakitoka, mwenye ardhi atayadai, au atamwondoa aliyechimba ili alime mwenyewe. Kwa hiyo mkataba wowote uwe na saini mbili, ya mlimaji na ya ukoo, mgawanyo uandikwe mbele ya serikali ya kijiji, na mlimaji asiondolewe kabla muda wa mkataba haujaisha. Hilo likishindikana, bora tusianze, maana tutakuwa tumewapa watu sababu mpya ya kunyang'anyana mashamba.