Potwe wa Msumbiji

Sisi wa Mafia potwe tunawajua kwa macho. Kuanzia Oktoba hadi kama Februari wanajaa hapo Kilindoni kufuata uduvi, samaki mkubwa kuliko wote duniani na wala hana habari na wewe. Msimu ukiisha tulikuwa tukisema wamehama. Utafiti wa tegi za sauti, vidude vya kutoa mlio wanavyovishwa potwe, uliochapishwa 2015 ukatuumbua: wengi wapo hapa hapa, ila wamesogea nje kidogo na kushuka chini.

Ndiyo maana siku ile, nje ya msimu, haidrofoni, kile kinasa sauti cha chini ya maji, ilipolia na juu ya maji hakuna hata pezi, hakuna aliyeshangaa. Nilikuwa msaidizi wa Dokta mmoja mgeni. Tegi hupiga mlio wa kilohertsi 69, sikio la binadamu halifiki huko, kwa hiyo kuna kisanduku kinachousikia kwa niaba yetu na kutoa namba ya mnyama. Namba ikatoka. Dokta akapekua orodha ya potwe waliovishwa tegi: haimo.

"Huyu si wetu," akanong'ona, kana kwamba potwe angesikia. "Huyu katoka Msumbiji!"

Tukawasha mashine, tukasogea mbele. Tukazima, tukasikiliza: yupo. Tukakata kuelekea kaskazini, tukazima: yupo, tena kwa nguvu ile ile. Ukielekeza haidrofoni kushoto, yupo. Kulia, yupo. Dokta akasema potwe huyu amevutiwa na boti. Mimi nikaanza kuogopa. Mnyama wa mita sita, saba anayekufuata chini kwa chini bila kujitokeza ana jambo lake.

Dokta hakustahimili. Akavaa miwani, akajitosa. Akakaa chini muda, kisha akaibuka kashika mshipi wa nahodha wetu, na mwisho wa mshipi kuna changu anapapatika, na juu ya changu, imefungwa fundo safi kabisa la kipwani, tegi nyeusi ya urefu wa kidole.

"Mzee, hii nini?"

"Chubwi, la kuzamishia mshipi," akajibu nahodha, akimpokea changu wake. "Langu lilinasa mwambani jana, nikaona sanduku lenu limejaa."

Tegi za akiba hulala zikiwa zimebandikwa sumaku. Ukiibandua tu, inaamka na kuanza kupiga kelele. Nikamuuliza sumaku iko wapi. Akafungua kopo lake la chambo: ndoana zote zimeng'ang'ania kwenye sumaku, hakuna hata moja iliyozagaa.

"Kumbe kila mkizima mashine mlikuwa mnasikiliza chubwi langu?"

Dokta, bado majini, hakujibu.

"Basi huyo potwe wa Msumbiji mtafuteni na nyingine, wanangu. Hii niachieni, changu wanaipenda."