Ua waliondoka nalo sawa, lakini kirusi hakina mwenyewe

Sisi watu wa Tanga tuna haki ya kuwa na kinyongo kwenye haya mambo ya rasilimali za kijenetiki, yaani mimea, wadudu na vijidudu vya nchi ya watu vinavyochukuliwa kutafitiwa na kutengenezewa bidhaa. Mwaka 1892 bwana mkubwa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta kiua cha zambarau chenye majani ya manyoya manyoya huku Usambara, kwenye miamba yenye kivuli, akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata kiua kikapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia, na leo kimejaa madirishani Ulaya na Marekani kwenye vikopo vya plastiki, wakati huku milimani hakuna bibi aliyewahi kupata hata thumni.

Kwa hiyo Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mwaka 2010 kuhusu rasilimali hizo, mi naielewa vizuri tu. Unataka mmea au mdudu wa nchi ya watu kwa ajili ya utafiti, piga hodi, omba ruhusa, mkubaliane faida mtagawana vipi. Swadakta. (Ila tusijifanye wanyonge sana jamani, huo mkonge uliojenga mji wetu Dk. Richard Hindorf aliuleta 1893 kutoka Florida, miche 62 tu ndo ilifika hai, asili yake Mexico, na sidhani kama kuna Mmexico aliombwa ruhusa.)

Shida inaanza pale sheria ya maua inapotumika kwa kirusi. Ua lina kwao, kirusi hakina. Chukua Marburg, ile homa ya kirusi inayoua: jina ni la mji wa Ujerumani, 1967 wafanyakazi wa maabara kule waliugua kwa sababu ya tumbili walioletwa kutoka Uganda, 2023 ukaua watu Kagera, Januari 2025 ukarudi tena Biharamulo. Sasa hapo nani aombwe ruhusa, Uganda, Ujerumani au popo wanaokibeba?

Na ruhusa inakula muda. Kuna jamaa yangu mmoja wa maabara anasema kufunga sampuli ya kirusi isafirishwe sio kazi, kichupa kinazungushiwa kitu cha kunyonya, kinaingia kwenye kopo lisilovuja, kopo linaingia kwenye boksi gumu, barafu kavu inajazwa pembeni, basi. Kazi ni makaratasi, nani mmiliki, faida itagawanwaje, mkataba wa kuhamisha sampuli usainiwe na fulani, na fulani yuko safari, na barafu kavu haijui safari ya mtu, inaisha tu. Mafua ya kawaida yenyewe WHO (Shirika la Afya Duniani) wanakaa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuchagua virusi vya kuwekwa kwenye chanjo, kwa hiyo sampuli ikikwama mezani kikao kinapita bila hiyo.

Sasa kabla hujaniita kibaraka, nisikilize. Indonesia waligoma. Kati ya 2006 na 2007 waziri wao wa afya, Siti Fadilah Supari, alizuia sampuli za mafua ya ndege H5N1 zisiende WHO, sababu kampuni ya Australia ilikuwa inatengeneza chanjo kwa kirusi kilichotoka kwao, halafu wao waje wauziwe kwa bei wasiyoiweza. Hasira yake ilikuwa ya haki kabisa, ila sampuli ukizificha wa kwanza kuumia ni watu wako na majirani zako. Na kilichofanya kazi mwisho wa siku sio mgomo peke yake, ni mfumo wa WHO wa 2011 ambao makampuni yanachangia hela kila mwaka na yanasaini mapema kutoa sehemu ya chanjo. Tatizo mfumo huo unahusu mafua ya janga tu, Marburg haimo, Ebola haimo, korona haikuwemo.

Na kuna hili ambalo watu wa "tusitoe kitu mpaka walipe" hawalisemi. Tarehe 11 Januari 2020 jenomu ya korona, yaani herufi zote za vinasaba vya kirusi, iliwekwa wazi mtandaoni, kampuni ya Moderna wakachora chanjo kutokana na zile herufi, 16 Machi mtu wa kwanza kashachomwa sindano. Hawakuhitaji tone la damu ya mtu. Nagoya inaongelea kitu cha kushika mkononi, data inapita chini ya mlango, hivyo unaweza kukalia boksi lako mpaka kiama wenzako wakafanya kazi bila hilo.

Halafu ukitoa data kwa uungwana unalipwa nini? Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliitangazia dunia Omicron, aina mpya ya korona, ndani ya siku chache ndege za kutoka kusini mwa Afrika zikafungiwa. Asante ya punda mateke.

Ndo maana mi naona deni liandikwe kabla ugonjwa haujaja, lihusu data sawasawa na sampuli. Mkataba wa Janga wa WHO uliopitishwa 20 Mei 2025 umegusa hapo, makampuni yatakayoshiriki yatengee WHO 20% ya chanjo, dawa na vipimo yanavyozalisha wakati wa janga, angalau 10% iwe bure, nyingine kwa bei nafuu. Ila mfumo wenyewe wa kugawana pathojeni (vijidudu vya magonjwa) na faida waliuachia kiambatanisho cha kujadiliwa baadaye, na humo ndo watu wanavutana. Wajumbe wetu wakaze hapohapo: aliyepakua jenomu akatengeneza bidhaa anadaiwa, hata kama kichupa chetu hajawahi kukiona. Na sisi tutoe sampuli za mlipuko ndani ya masaa, karatasi isainiwe na mtu aliyepo zamu, bosi akirudi safari ataikuta kwenye faili.