Mali ya Bibi wa Kisaksoni: Asilimia Tano Inatuambia Nini?

Katika enzi ya mfalme Cnut, aliyeitawala Uingereza kuanzia 1016 hadi 1035, mtu mmoja aitwaye Edwin alisimama mbele ya baraza la jimbo la Herefordshire akamdai mama yake mzazi ardhi ya Wellington na Cradley. Mama hakuwapo, hivyo waungwana watatu walitumwa Fawley wakamsikilize. Aliwajibu kwamba hana ardhi yoyote ambayo mwanawe ana haki nayo; kisha, akiwa amekasirika mno, akamwita jamaa yake Leofflæd na kutamka kwamba siku atakapofariki, ardhi yake, dhahabu yake, mavazi yake na kila alicho nacho viwe vya Leofflæd, na mwanawe asipate chochote. Baraza liliridhia, na Thurkil, mumewe Leofflæd, akapanda farasi hadi kanisa kuu la Hereford, ambako jambo hilo liliandikwa katika kitabu cha Injili.

Kwa sababu ya habari za namna hii, wanahistoria wa vizazi vilivyopita walisema kwamba kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia Uingereza ya Wasaksoni mwaka 1066, mwanamke wa tabaka la juu alikaribia kuwa sawa na mwanamume. Waliofuata wamelipinga dai hilo, na silaha yao kubwa ni Domesday, daftari la ardhi la 1086, ambalo liliandika pia nani alishika ardhi miaka ishirini nyuma: katika hesabu zake za mwaka 1066, wanawake walimiliki takriban asilimia 5 tu ya ardhi, na zaidi ya robo tatu ya sehemu hiyo ilikuwa ya wanawake wanane, miongoni mwao malkia Edith na mama yake, Gytha. Hoja hiyo ina uzito. Mke wa mfalme si kipimo cha wanawake wenzake, na mjane aliyeandika wosia mara nyingi alilazimika kumpa mfalme dhahabu au farasi ili wosia huo usimame.

Hata hivyo, asilimia hiyo hubebeshwa mzigo isiouweza. Hesabu hizo za Domesday zinaonyesha nani alishika nini siku mfalme Edward, mumewe Edith, alipofariki, Januari 1066, ilhali mwanamke wa Kisaksoni alishika ardhi kwa zamu, hasa alipofiwa na mume. Ukihesabu siku moja, utawapata wajane wa siku hiyo; wa jana wamekufa, na wa kesho wangali chini ya waume ambao huenda majina yao ndiyo yaliyoandikwa. Isitoshe, uchache wa wenye mali ni jambo moja na uimara wa haki yao ni jambo jingine, na takwimu hii haigusi hili la pili.

Uimara huo unaonekana katika wosia wa Wynflæd, bibi wa karne ya 10. Shamba la Faccombe lilikuwa zawadi yake ya ndoa, aliyokabidhiwa yeye mwenyewe, si wazazi wake. Alimwachia mwanawe wa kiume alitumie maisha yake yote, kisha liende kwa binti yake Æthelflæd iwapo angali hai, na baada ya hapo kwa mjukuu. Anagawa farasi, makasha mawili, pazia bora la kitanda, bangili yenye nakshi, na vikombe vya mbao vyenye madoa. Hata joho anataja lipi ni zuri zaidi. Huyu ni mtu aliyeijua mali yake kitu kwa kitu, na sioni namna ya kumwita mtunzaji tu wa mali ya ukoo.

Lakini wanaomsifu mno huruka mistari mingine ya wosia huohuo. Wynflæd aliwaacha huru watumwa kadhaa, na papo hapo akamrithisha mjukuu wake wa kike watumwa wawili, mfumaji na mshonaji, wote wanawake. Haki ya mwanamke juu ya mali ilikuwa imara kiasi cha kumiliki wanawake wengine.

Baada ya 1066 mabadiliko makubwa, kwa maoni yangu, hayakuwa kwenye asilimia. Kufikia mwisho wa karne ya 12 mahakama za kifalme hazikukubali tena ardhi kuachwa kwa wosia, na ruhusa hiyo ilirudishwa kwa sheria ya bunge ya 1540. Wanaume nao walifungwa na katazo hilo. Lakini mfumo mpya ulimtanguliza mtoto wa kiume katika urithi, hivyo Edwin asingehitaji hata kwenda barazani, na tamko la mama yake lisingemnufaisha Leofflæd kwa shamba lolote.